Betri imevimba: maswali yenu ya magari ya kambi

*Fundi, Land Cruiser yetu ya kupigia kambi ina betri ya pili ya jeli, ya friji na taa. Ikiwa gereji naiacha kwenye chaja ya zamani usiku na mchana. Sasa imevimba ubavuni. Itapona?* (Dereva, Arusha)

Haiponi, ndugu yangu. Chaja yako haijui kuacha. Betri ikishajaa, umeme unaozidi kuingia hugeuka joto na kuyavunja maji ya ndani yawe haidrojeni na oksijeni. Gesi hizo zikiwa kidogo hurudi kuwa maji. Zikizidi, valvu hufunguka zikatoka. Betri ya vifuniko ungeiongeza maji, lakini hii imefungwa: yaliyotoka yametoka. Usiichaji tena, haidrojeni na cheche haviishi nyumba moja. Wapelekee wanunuzi wa betri chakavu.

*Nitajuaje chaja mpya ni nzuri?*

Taa ya kijani isikudanganye, nunua mita ya kupima volti. Mimi niliua betri mbili za wateja kabla sijaamini hilo, na mita yenyewe haizidi bei ya sahani chache za chipsi mayai. Pima kwenye vichwa vya betri. Inapojaa, jeli itake volti 14.1 hadi 14.4, AGM (ile ambayo asidi yake imefyonzwa kwenye mikeka ya nyuzi za kioo) 14.4 hadi 14.7. Ikishajaa, chaja iteremke yenyewe mpaka 13.5 au 13.8. Ukiamka asubuhi ukakuta bado 14.7, chomoa.

*Betri yangu iko jirani na injini, na sola iko juu ya paa. Kuna ubaya?*

Upo. Namba nilizotaja ni za joto la nyuzi 25. Kila nyuzi ikipanda, punguza kama volti 0.024, kwenye nyuzi 40, ile 14.4 inakuwa kama 14.0. Kontrola nzuri ya sola hupunguza yenyewe, mradi kile kiwaya cha kupima joto kimebandikwa kwenye betri. Nyingi ninazofungua, kiwaya bado kiko kwenye boksi! Na betri ihamishe.

*Chaja ina kitufe cha kusawazisha seli. Nibonyeze?*

Usiguse. Hupandisha volti kupita 15, ni cha betri za kuongeza maji.

*Basi masika, gari likilala miezi miwili, nisichaji kabisa?*

Njaa nayo inaua, sahani za risasi za ndani ya betri hushika salfeti, ukoko mgumu. Ijaze, fungua waya wa hasi, pima kila mwezi. Ikisoma chini ya 12.5, jaza tena.