Mapigo 150 na mawimbi ya P hayaonekani: namna altrasaundi ya moyo ilivyonisaidia

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba mgonjwa wako ana mapigo 150 kwa dakika, kwamba karatasi ya ECG (kipimo cha umeme wa moyo) haionyeshi mawimbi ya P, yaani alama za umeme wa vyumba vya juu vya moyo, na ungependa kujua kama altrasaundi ya moyo ina msaada wowote. Inao, ingawa haichukui nafasi ya ECG, na kama shinikizo la damu limeshuka au fahamu zinapotea, achana na picha, mpe mshtuko wa umeme kwanza.

Mgonjwa akiwa ametulia, mimi huiuliza mashine jambo moja tu: vyumba vya juu vinapiga mara ngapi, na vya chini mara ngapi? ECG huonyesha umeme, na wimbi la P likizama ndani ya QRS (alama ya umeme wa ventrikali, yaani vyumba vya chini) au T (alama ya ventrikali zikipumzika) halionekani tena, lakini ukuta wa chumba cha juu bado unajikunja na jicho linauona. Huweka probu, kile kifaa cha altrasaundi kinachogusa mwili, chini ya kidari, nikakitafuta chumba cha juu cha kulia, nikawasha modi ya M, inayochora mwendo wa sehemu zilizo kwenye mstari mmoja kadiri muda unavyokwenda, na kuulaza mstari wake juu ya ukuta huo, huku ECG ya mashine ikitembea chini ya picha. Kasi ya picha naiweka milimita 100 kwa sekunde, kwa sababu ikiwa ndogo vilima hubanana visihesabike.

Usiku mmoja tulipokea mzee mwenye mapigo 170 na QRS pana, nasi zamuni tukabishana kama chanzo kilikuwa juu au chini. Kwenye kioo ukuta wa juu ulichora vilima vidogo, takriban 80 kwa dakika, vikienda kwa mwendo wao bila kujali QRS zilizokuwa zikipita chini yake. Ubishi ukaishia hapo: ilikuwa takikadia ya ventrikali, yaani mapigo ya kasi yanayoanzia vyumba vya chini. Angalia lakini, hesabu zikilingana juu na chini usiseme si ya ventrikali, kwa kuwa kwa baadhi ya wagonjwa umeme hupanda kutoka chini na kuvipigisha vyumba vya juu kwa idadi ileile.

Nimewahi pia kukosea, tena kwa mgonjwa anayefanana na wako. Nilihesabu 150 juu na 150 chini, nikatangaza kwamba ni mapigo ya kawaida yaliyoongezeka kasi. Dawa ya adenosini ilipopunguza mapigo ya chini, mawimbi ya flata (mapigo ya kasi sana ya vyumba vya juu) yakajitokeza, karibu 300 kwa dakika, mawili kwa kila pigo la ventrikali. Nilikuwa nimeweka mstari karibu mno na pete ya vali iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini, ambako ventrikali huuvuta ukuta kila inapojikunja, kwa hiyo nilichohesabu kilikuwa mwendo wa ventrikali yenyewe. Siku hizi nauweka juu zaidi, mbali na pete.

Kwa mtoto aliye tumboni, ambaye ECG ya kawaida haimfikii, njia hii ndiyo tegemeo kuu, na mstari mmoja hupitishwa juu na chini kwa pamoja.

Kabla hujaiondoa probu, tazama kama kuna maji yanayoubana moyo, au kama ventrikali ya kulia imetanuka, dalili inayoweza kutokana na damu iliyoganda mapafuni, kwa sababu pengine kasi hiyo ni jibu la moyo kwa tatizo lingine.