Hati ni ya chumba cha jirani, mbona nimepekuliwa mimi?

Swali: Tumepanga vyumba sita Nkuhungu, ua mmoja. Askari walikuja na hati kupekua chumba cha jirani. Nilikuwa mlangoni kwangu nachambua mchicha, nikaambiwa nisimame, askari wa kiume akanipapasa kiunoni, kwenye fundo la kanga. Hati inaruhusu hayo? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Pole sana, dada. Hati ya upekuzi inahusu mahali palipotajwa ndani yake. Haimgeuzi kila aliyekutwa uani kuwa mtuhumiwa. Hata hivyo, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inaruhusu kumpekua mtu aliye ndani au karibu na mahali hapo ikiwa kuna sababu ya msingi ya kushuku kwamba ameficha mwilini kitu kinachotafutwa. Sababu ya msingi ni ile ambayo askari anaweza kuieleza mbele ya hakimu: alikuona ukipokea kifurushi dirishani, au ulikimbilia chooni walipobisha hodi. Kukaa na ungo wa mchicha si sababu. Angalia pia ukubwa wa kinachotafutwa. Anayetafuta televisheni ya wizi hana anachokitafuta kwenye fundo la kanga.

Kuhusu askari wa kiume, hapo hakuna mjadala: mwanamke hupekuliwa na mwanamke, tena kwa staha. Sema kwa utulivu, "Afande, sikatai kupekuliwa, naomba anipekue mwanamke mwenzangu." Usimshike mkono wala kumsukuma, maana kumzuia askari kazini ni kosa jingine, na utajikuta unashtakiwa wewe. Andika saa, tarehe na namba ya askari siku hiyo hiyo, kisha upeleke malalamiko kwa mkuu wa kituo. Usiposikilizwa, panda kwa mkuu wa polisi wa wilaya, au nenda Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Swali: Naendesha Noah, Kibaigwa hadi Dodoma mjini. Askari anaweza kupekua abiria wangu bila hati? (Dereva)

Jibu: Anaweza, akiwa na sababu. Nyumba haihami, lakini gari likiachwa dakika tano limeshafika Chalinze ya Chamwino. Kwa hiyo sheria inamruhusu kusimamisha na kupekua gari analoshuku limebeba mali ya wizi au iliyopatikana isivyo halali, pamoja na mtu anayeshukiwa kuwa nayo. Kifungu cha 42 (kwa namba za toleo la 2022) kinaongeza upekuzi wa dharura, pale ambapo kusubiri hati kungefanya kielelezo kipotee. Trafiki anayetazama leseni, bima na matairi anafanya kazi nyingine kabisa. Hiyo pekee haimpi sababu ya kufungua mkoba wa abiria.

Kinachowaponza madereva ni mzigo usio na mwenyewe. Salfeti ya buti ikikutwa na bangi, abiria wote wanaikana, anayebaki ni dereva. Kabla ya kupakia, andika kwa makapeni jina na simu ya mwenye mzigo, na mzigo ukipekuliwa omba ufunguliwe mbele yake, pale pale barabarani.

Swali: Nikipewa karatasi nisaini baada ya upekuzi, nifanyeje?

Jibu: Soma mstari kwa mstari. Kifungu cha 38(3) cha toleo hilo kinataka kilichochukuliwa kitolewe stakabadhi, yenye saini ya mwenye mahali, ndugu wa karibu au anayepasimamia, na ya mashahidi wa upekuzi kama walikuwepo. "Simu moja" haitoshi. Iandikwe aina, rangi na namba ya IMEI (piga *#06#). Pesa ziandikwe kwa noti: Sh 340,000, yaani noti 30 za 10,000 na noti 8 za 5,000. Nafasi iliyobaki wazi chini ya orodha ipigwe mstari, isije ikaongezwa kitu. Kama kitu si chako, andika hivyo juu ya saini yako. Usisaini fomu tupu kamwe.

Shahidi ndiye anayeharibu kesi nyingi. Mwenyekiti wa mtaa au balozi huitwa kifurushi kikiwa tayari mezani, naye anasaini asichokiona kikitolewa. Mwombe askari amsubiri mlangoni, na shahidi aone mikono na mifuko ya wapekuzi kabla hawajaingia. Mahakama ya Rufani imeshaondoa vielelezo kwenye ushahidi kwa kasoro za upekuzi na stakabadhi, kwa hiyo hata askari mwenye nia njema anafaidika na subira hiyo.