Ukirudi Kusini Unguja kwa Baiskeli, Tazama Mwezi Kwanza

Kwa wewe uliyekulia Jambiani, Paje, Bwejuu au Makunduchi, ukahamia mjini au bara, na sasa unataka kuzunguka kwenu kwa baiskeli na kula vile ulivyokula utotoni: kabla hujafungua ramani, tazama mwezi.

Chakula cha upande ule kinafuata bahari, na bahari inafuata mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, ni bamvua. Maji hupwa mbali hadi mwambani, na kwa kawaida ya Unguja hupwa kabisa kama saa 4 asubuhi. Hapo ndipo wanawake na vijana hushuka na vijiti vyao kuchokoa pweza kwenye mashimo ya mwamba. Adhuhuri pweza huyo yuko ufukweni, anapigwa kulainishwa, na jioni yuko chunguni na tui zito. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu, mwamba haukauki vizuri, na pweza utakayeuziwa aghalabu ametoka kwenye barafu. Nimewasikia wengi waliorudi kwao wakilalamika kwamba pweza wa siku hizi hana ladha ya zamani. Ladha ipo. Walikwenda wiki ambayo bahari haikuwa tayari.

Mwezi huo huo ndio utakaokuambia kama utawakuta wenyewe. Tangu kilimo cha mwani kilipoingia pwani ya mashariki mwishoni mwa miaka ya 1980, asubuhi ya bamvua wanawake wengi wako majini, wanafunga mbegu kwenye kamba au wanavuna. Ukibisha hodi kwa shangazi yako saa 4, utajibiwa na watoto. Fika alasiri, ameshaoga na kupumzika, naye atakupikia kwa moyo. Au, afadhali zaidi, egesha baiskeli, kunja suruali, ushuke umfuate huko huko. Maongezi ya majini hayafanani na ya barazani, na mtu aliyeshika kamba ya mwani pamoja naye haulizwi tena kwa nini alipotea miaka yote hiyo.

Sasa barabara. Kutoka Mjini hadi Makunduchi ni kama kilomita 65, lami tupu, na Unguja haina milima ya kukutoa jasho. Kinachochosha ni jua na upepo. Mpaka Tunguu na mbele yake kidogo utapata vivuli vya miembe na minazi. Ukishavuka msitu wa Jozani, ardhi inageuka kuwa ya mawe, vichaka vinakuwa vifupi, na kivuli kinakuwa cha kutafuta. Pale Jozani punguza mwendo kwa sababu ya matuta. Yamewekwa ili magari yasiwagonge kima punju wanaovuka barabara, na wanyama hao duniani kote hawapatikani kwa asili ila katika visiwa vyetu. Kitogani njia inagawika: kushoto unakwenda Paje, ukiendelea kusini unapita Muyuni hadi Makunduchi. Mimi humshauri mgeni wa safari hii atangulie Makunduchi, kisha apande na pwani kupitia Jambiani hadi Paje, ndipo arudi Mjini.

Wakati wa kusi, yaani upepo wa kusini, kuanzia karibu Aprili hadi Septemba, upepo utakupiga usoni unapokwenda na kukusukuma mgongoni unaporudi, kwa hiyo mpangilio huo unakufaa sana. Wakati wa kaskazi mambo yanageuka: kipande cha Jambiani kwenda Paje ndicho kitakachokupa kazi, basi kimalize kabla ya saa 3 asubuhi. Masika iache kabisa. Mvua ya Aprili haina huruma na mtu wa magurudumu mawili.

Maji yakiwa yametoka, mchanga wa pale unakuwa mgumu kiasi cha kupitisha baiskeli, na kuendesha hapo kutoka Jambiani kwenda Paje ni raha ambayo sijaipata kwingine kokote. Lakini chumvi inakula mnyororo. Jioni hiyo hiyo osha baiskeli yote kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikauke, kisha mnyororo uupake mafuta. Ukiacha hadi asubuhi utaona kutu. Beba pia tyubu ya akiba, viraka, solushani na pampu, maana vijia vya mawe makali vinatoboa tairi, na fundi baiskeli hayupo kila kijiji.

Kuhusu kula njiani, zuia tamaa. Alfajiri kunywa chai na maandazi mawili, uondoke. Supu na chapati kabla ya jua kali vitakulaza chini ya mti. Mchana kunywa dafu likurudishie maji mwilini. Mwombe muuzaji alipasue, ule na nyama yake ikiwa laini. Miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi nayo inaamsha miguu. Muhogo wa nazi, samaki wa kupaka na pweza viwekee jioni, ukishafika mahali pa kulala. Urojo usubiri Mjini siku ya mwisho, saa 11 jioni, ukiwa umeshaoga: ule uchachu wa ndimu na embe mbichi juu ya tumbo lililochemka kwa jua ni kiungulia cha uhakika.

Kila utakapopita watu wanakula utaambiwa, "Karibu." Usipite ukipunga mkono. Teremka, nawa, chukua tonge moja, ushukuru. Kwa wazee teremka vilevile, toa salamu na shikamoo ukiwa umesimama, si juu ya kiti cha baiskeli. Utaulizwa, "Mtoto wa nani wewe?" Taja baba, taja bibi, taja mtaa, bila haraka. Hapo ndipo vyakula ambavyo haviuzwi popote vinapotolewa. Kaptura ya kubana ya waendesha baiskeli ivae ndani, juu yake suruali au kikoi. Hapo ni vijijini kwa watu wazima wanaoheshimiana.

Ramadhani hakuna kula wala kunywa hadharani mchana, nawe utakuwa umefunga au unastahi waliofunga, kwa hiyo safari ndefu haifai. Ila kama utakaa kijiji kimoja na kuzunguka kidogo alasiri, futari ya kwenu itakulipa. Julai, wakati wa Mwaka Kogwa, sherehe ya jadi ya mwaka mpya, Makunduchi hujaa magari na barabara haimpendi mwenye baiskeli. Nenda siku moja kabla, ulale kwa jamaa. Wenyeji hufurahi kupata mgeni siku hiyo kuliko siku nyingine zote.

Na ukipewa pweza mkavu wa kurudi naye, usimfunge kwenye mfuko wa nailoni, atatoa jasho na kuharibika kabla ya Tunguu. Mtie kwenye kikapu cha ukili, ukikaze juu ya keria kwa mpira, upepo umpitie.