Supaglu imedondokea lenzi ya miwani: niitoeje?

SWALI: Habari, fundi. Mkono wa kulia wa miwani yangu ulilegea kwenye bawaba, nikautia supaglu. Tone moja likadondokea lenzi, karibu kabisa na pale ninapotazamia, na kando yake pamebaki ukungu mweupe. Lenzi ni za plastiki na fremu pia ni ya plastiki, nyeusi. Jirani anasema nipake dawa ya kutoa rangi ya kucha. Mke wangu anaona wembe utamaliza kazi. Nina rundo la daftari za kusahihisha. Nifanyeje? – Mwalimu, Kakamega

JIBU: Mwalimu, salamu kutoka Kisumu. Wembe urudishwe ulikotoka, na hiyo dawa ya kucha usiifungue kwanza.

Supaglu ikishakauka huwa ni plastiki. Ndiyo asili yake: wakati wa Vita vya Pili vya Dunia huko Marekani, Harry Coover na wenzake wa kampuni ya Kodak walikuwa wakitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki, wakapata kitu kinachong'ang'ania kila kinachokigusa, wakakiweka kando. Kwa hiyo ulicho nacho ni plastiki juu ya plastiki, na dawa kali haijui ile ya chini ndiyo unayoihitaji.

Dawa nyingi za kutoa rangi ya kucha zina asetoni, kimiminika kinachoyeyusha plastiki nyingi. Lenzi ya polikaboneti (aina mojawapo ya plastiki ya lenzi) ikiguswa na asetoni hupata nyufa ndogo ndogo na kugeuka nyeupe, na hapo hakuna fundi wa kuirudisha. Lenzi ya CR-39, plastiki nyingine ya lenzi, yenyewe huvumilia, lakini tando zilizopakwa juu yake zinaweza kuharibika. Kuhusu fremu, plastiki nyeusi kama yako mara nyingi ni asetati, na asetoni ndiyo hiyo hiyo sisi mafundi tunayoipaka kwenye asetati iliyopasuka ili ilainike na kushikana upya. Ikichuruzika hapo, mng'ao wa fremu umekwenda. Mwenye lenzi za kioo halisi, zisizo na utando wowote, huyo anaweza kuzipaka asetoni kwa pamba bila hofu, mradi isifike kwenye fremu.

Sasa shika miwani chini ya taa uiinamishe kidogo. Ukiona taa imeakisiwa kwa rangi ya kijani au buluu, lenzi ina utando wa kuzuia mng'ao. Huo ni mwembamba mno, na ndio tunaoulinda.

Chukua bakuli la maji ya uvuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto, utie matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Yasiwe moto. Joto hutanua plastiki kuliko linavyotanua utando, na utando ukishindwa kufuata hupasuka. (Ndiyo maana napokea miwani nyingi zilizoachwa kwenye dashibodi ya gari saa saba mchana hapa Kisumu.) Zamisha upande wa lenzi, uache saa kadhaa, ukibadilisha maji yakipoa. Subiri ukingo wa tone ugeuke mweupe. Hapo ndipo maji yameanza kupenya, nalo si gumu tena kama kioo. Weka ukucha wa kidole gumba kwenye ukingo huo na usukume kwa ubavu, usikwaruze kwenda chini. Likigoma, rudisha majini. Mara nyingi huachia kipande kizima kwa mpigo mmoja, lakini huenda ukangoja hadi kesho yake.

Ule ukungu ni mvuke wa gundi uliotua na kukauka. Jaribu pamba yenye spiriti ya kemisti kidogo, pangusa bila kukandamiza, kisha osha kwa sabuni, kwa kuwa spiriti nyingine huachia mafuta. Usiloweke lenzi ndani yake. Kama doa bado lipo baada ya hapo, gundi imeshakula utando, na dawa ni lenzi mpya. Akitokea wa kukuambia atalisugua kwa dawa ya meno mpaka liishe, mkimbie: hiyo ni msasa laini, na doa moja litakuwa mikwaruzo lenzi nzima. Mafuta taa na thina ya rangi wala tusivijadili.

Gundi iliyo kwenye bawaba iache, usiulazimishe mkono kufunguka, maana asetati hukatika pale pale skrubu ilipo. Futa maji yote kwenye bawaba, kisha upeleke kwa duka la miwani. Hapo Kakamega yapo, huna haja ya kupanda matatu kuja huku. Huenda tangu mwanzo ilikuwa skrubu tu imelegea, kazi ya dakika chache. Skrubu ikianguka usiku, pitisha uzi mgumu kwenye tundu la skrubu, funga fundo, ukate ncha. Utasahihisha daftari zako mpaka kupambazuke.