Re: Kuchemsha maji kunaondoa atrazini?
Ndugu, umeuliza kama kuchemsha maji ya kisima kilicho kando ya shamba la mahindi kunaondoa atrazini, dawa ya kuua magugu. Hakuondoi. Moto unaua vijidudu; atrazini inabaki, tena maji yakipungua sufuriani ndiyo inazidi kukolea. Klorini haiifanyi kitu, na chujio la mchanga linaipitisha.

Kinachoinasa ni kaboni amilifu, yaani mkaa uliotengenezwa kwa joto kali hadi ukajaa vitundu vidogo mno. Mitambo ya maji kwenye majimbo ya mahindi Marekani hutia unga wake, hasa mvua zikinyesha baada ya kupulizia, ili atrazini isipite kikomo cha kisheria cha mikrogramu 3 kwa lita. (Ulaya kikomo ni 0.1, na dawa yenyewe waliipiga marufuku.) Mkaa wa jikoni usiutegemee. Hata kaboni nayo hujaa ikaacha kunasa, kwa hiyo kichujio hubadilishwa.

Ila kama jirani anapulizia glifosati, dawa nyingine ya magugu, mambo yanageuka: kaboni huinasa kidogo, klorini ya mtamboni ndiyo huivunja. Basi kabla hujanunua chochote, mwombe akuonyeshe lebo ya chupa.