Niliyojifunza kwa Upinde wa Babu Katika Misitu ya Sikonge

Vijana kadhaa wa ukoo wetu wameniomba niwafundishe kutumia upinde, na kila mmoja wao alitaka aanze kwa kuushika. Mimi huanza kwa kumpa kijifuko cha majivu. Babu yangu, ambaye sisi Wanyamwezi humwita guku, alinifanyia hivyo nilipokuwa na umri wa miaka 11, na kwa kiangazi kizima sikugusa mshale. Kazi yangu ilikuwa kutembea nyuma yake katika misitu ya miombo ya Sikonge, mkoani Tabora, kukitikisa kijifuko kila baada ya hatua chache, na kumwonyesha kwa kidole vumbi lile jeupe linaelekea wapi. Mzazi au mlezi anayetamani kumrithisha mtoto ujuzi wa msituni ninamshauri aanzie hapo hapo, kwenye upepo, kwa sababu asiyeujua upepo hatamkaribia mnyama yeyote hata akiwa na shabaha namna gani.

Mnyama tuliyemtafuta zaidi alikuwa pongo, ambaye wengine humwita mbawala na wengine kulungu. Huyu si yule kulungu wa Ulaya na Marekani mwenye pembe za matawi zinazodondoka na kuota upya kila mwaka. Dume wa pongo ana pembe mbili zilizojisokota, hukaa nazo maisha yake yote, na jike wake hana pembe kabisa. Hupenda vichaka vinene vya kandokando ya mito, hutembea peke yake, hutoka alfajiri na jioni, na akishtuka hubweka kama mbwa. Mbweko mmoja ulitosha kuimaliza asubuhi yetu. Guku aliusikia, akageuka, akashika njia ya nyumbani bila kusema neno, nasi tukamfuata kwa kuwa sote tulijua kwamba bonde zima limekwisha kupata habari zetu.

Mwenye bunduki anaweza kusimama mbali, lakini mwenye upinde hana budi kukaribia. Upinde wa guku ulichongwa kwa mti wa mkole, upote wake, yaani kamba ya kuvutia, ulikuwa wa kano za ng'ombe, na hakuruhusu mtu yeyote kupiga mnyama aliye zaidi ya hatua 20. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni ukali wa wazee tu; nilipokwenda shule ndipo nilipoelewa hesabu yake. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, na mshale wa upinde wa kienyeji huenda takriban mita 50 tu, kwa hiyo mlio wa upote humfikia mnyama kabla mshale haujamaliza hata robo ya safari. Mnyama aliyeshtuka huinama kwanza ili apate nguvu ya kuruka, na mshale uliolengwa vizuri humpita juu ya mgongo au, vibaya zaidi, humpata mahali usipopakusudia. Ndiyo maana guku alikataza kabisa kumpiga mnyama aliyeinua kichwa na kutega masikio, hata awe karibu kiasi gani.

Mimi nilivunja katazo hilo nikiwa na miaka 16. Ilikuwa Septemba, mbura zimeiva na kudondoka, na nilikuwa na mjomba wangu pamoja na rafiki zangu wawili wa nyumba ya jirani ambao hawakuwahi kuniona nikipiga. Pongo dume alisimama ng'ambo ya kijito, hatua kama 40, ameinua kichwa akitutazama. Nikavuta upote, nikaachia. Mshale ulimpata, naye akatoweka kichakani, na mimi nikaanza kukimbia kumfuata. Mjomba akanishika bega. Alitangulia taratibu hadi mahali mnyama aliposimama, akapiga magoti, akaokota jani kavu la mti wa mtundu na kunipa ninuse. Juu yake palikuwa na tone la damu nyeusi lenye chembechembe za kijani, kama majani yaliyotafunwa, na harufu yake ilikuwa ya kinyesi. Akanieleza kwamba damu nyekundu yenye povu ingekuwa ya mapafu na mnyama angekuwa ameanguka karibu, damu nzito ya kiza bila majani ingekuwa ya ini, lakini hii ilikuwa ya tumbo. Mnyama wa namna hii akifukuzwa mara moja hukimbia mbali mno. Akiachwa hulala, kwa hiyo tulipaswa kumsubiri.

Tulikaa chini ya mti ule mpaka jua lilipopinduka, kisha tukafuata tone kwa tone, wakati mwingine kwa magoti, tukiweka kijiti kila mahali tulipoona damu ili tusipoteze njia. Giza lilitukuta hatujampata. Asubuhi iliyofuata tulikuta fisi wamekwisha kutangulia. Mjomba hakunikaripia. Alichukua upinde wangu, akafungua upote wake, akasema, "Mpwa wangu, jana hukumpigia pongo. Uliwapigia wenzako." Maumivu ya mnyama yule usiku kucha bado yananiuma, na ninaisimulia habari hii kwa kila kijana ninayemfundisha kabla hajashika upinde.

Jambo la sheria sitaliruka. Nyumbani kwetu siku zile sikuwahi kusikia mtu akizungumzia leseni, lakini Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuwinda bila leseni, na matumizi ya sumu yamekatazwa. Mto Ugalla nao una hifadhi ya taifa tangu mwaka 2019, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji wa aina yoyote. Kwa hiyo msimpeleke mtoto msituni na upinde kwa kisingizio cha mila. Ninavyoona mimi, sehemu kubwa ya ujuzi wa guku haihitaji mnyama afe.

Sisi hupiga shabaha nyumbani, kwenye gunia lililoshindiliwa nyasi kavu, kwa umbali wa hatua 15, na nyuma ya gunia pawe na kichuguu au tuta la udongo ili mshale uliokosea usiende mbali. Msituni tunakwenda mikono mitupu. Mahali palipopitiwa na moto wa kiangazi ni darasa zuri kuliko yote, kwa sababu nyayo huonekana wazi kwenye majivu, na nyasi changa zinapochipua wanyama hufika. Msivae nguo za bluu wala nyeusi, kwa maana rangi hizo huwavuta ndorobo, yaani mbung'o. Mkimpata mzee anayejua, tembeeni naye. Mzee akiulizwa akiwa kitini husimulia ushujaa wake, lakini akiwa njiani husimama kila mara kuwaonyesha kitu, na vitu hivyo ndivyo mnavyovihitaji. Fanyeni hivyo angali na nguvu za miguu. Mimi nilichelewa kumwuliza guku mengi.

Agosti iliyopita binti yangu mwenye miaka 12 alimnyemelea funo aliyekuwa akila pembezoni mwa msitu. Alifika hatua 18, nilizihesabu baadaye. Akatikisa kijifuko, vumbi likageuka kuelekea mbele, naye akarudi nyuma polepole bila kuambiwa na mtu, funo akaendelea kula. Majivu yale niliyachekecha mwenyewe usiku wa kuamkia siku hiyo, maana yenye chengachenga huanguka chini moja kwa moja na kumdanganya mtu kuhusu upepo.