Re: Kwa nini gemu za WWE zinapendeza kwenye picha, zikichezwa zinachekesha?

Mkuu, umeuliza kwa nini wanamieleka wa gemu hizi wakisimama ni watu kabisa, ila wakishikana tu wanakuwa wanasesere. Uso siku hizi si tatizo. Tangu WWE 2K15 ya 2014, kwenye PS4 na Xbox One, nyuso za mastaa zinaskaniwa. Shughuli ipo kwenye kugusana. Gemu ya ngumi, konde likitua mnaachana. Mieleka unamkumbatia mtu, unambeba, unamgeuza kichwa chini, na huyo mtu anaweza kuwa Rey Mysterio, kamwili kadogo, au Big Show, jitu zima. Mjongeo ni uleule, miili haifanani hata kidogo. Tazama mkono wa anayebeba: ama umezama ndani ya paja la mwenzake, ama unaelea pembeni haujashika kitu.

Nywele ndefu nazo balaa. Kwenye 2K20 (2019) zilikuwa zinarukaruka hewani kama nyoka, mtandao mzima ukacheka, na 2K21 haikutoka kabisa. Walirudi Machi 2022 na 2K22, angalau mambo yametulia.

Ila mimi uhalisia siupimi kwa jasho na vinyweleo. No Mercy, gemu ya zamani ya mieleka ya Nintendo 64 (2000), nyuso ni picha zimebandikwa tu, lakini mtu akishachakazwa anainuka kwa kujikongoja, na unaamini kaumia.

Kama unachezea kwenye kompyuta na inazidiwa, punguza ubora wa vivuli kwanza. Fremu 60 kwa sekunde (picha zinazopita kwenye skrini) usiziguse, zikishuka mechi yenyewe inaenda polepole.